Chokaa

Famau, ndugu yangu, fundi wa chokaa wa Mkomani,
alianguka kutoka wikioni mwezi wa Rajabu.
Hakuvunjika mguu. Alivunjika maneno.
Aliporudi kutoka hospitali alinyoosha kidole juu, darini,
akanitazama, akangoja nimtajie.
Miaka ishirini amezipanga kwa mkono wake
na leo boriti haina jina.

Mimi nafundisha baiolojia, kidato cha tatu.
Ubaoni huchora seli mbili za neva
na katikati huacha ufa.
Ufa wa kweli ni sehemu ishirini
za milimita moja iliyokatwa mara milioni;
chaki yangu nene yasema uongo, hakuna la kufanya.
Hazigusani, huwaambia, huo ndio mpango.

Zena Lali, wa dawati la nyuma, akainua mkono:
Kama hazigusani, mwalimu,
kitu gani huzizuia zisiachane?

Nikamjibu ya vitabuni, nami nikiyasikia upya.
Kila seli ina protini zilizotoboa ngozi yake,
mguu ndani, kiganja nje.
Ya huku ni neureksini, ya kule ni neuroligini.
Kiganja hushika kiganja juu ya ufa,
ndipo huku vifuko vya kemikali hujipanga mlangoni,
na kule wapokezi hukusanyika
kama watu waliosikia hodi.
Anayeshika siye anayesema.
Ila asiposhika, usemi hauna pa kutua.

Jioni nilipita chini ya wikio lile lile:
huku nyumba ya Bi Mwanatumu, kule ya marehemu dada yake,
na njia katikati, upana wa punda na shehena yake.
Zamani sahani ya mkate wa mofa ilivuka huko juu
ikafika na moshi wake.
Kisha wakagombania kisima,
mlango wa juu ukazibwa kwa matumbawe, miaka kumi na minne.
Famau ndiye aliyeitwa auzibue.
Alikuwa amebakisha mawe matatu.

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule,
naweka mezani mwiko, timazi, kipande cha boriti.
"Mwi," asema. "Mwi. Mwi."
Timazi aliiita samaki; tukacheka hadi akalia.
Humo kichwani mwake nyuzi zinatoka
zikipapasa gizani: zagusa hapa, zaacha,
zagusa pale, zaacha.
Miguso mingi hufa ingali michanga.
Hilo nalo limo vitabuni. Sikulipenda.

Usiku mmoja nikasoma jambo
ambalo chuoni nililipita mbio kwa ajili ya mtihani:
viganja vile havikazi bila kalsiamu.
Iondoe, vinalegea, kila seli na kwake.
Kalsiamu! Ndiyo iliyomo katika matumbawe
yanayochomwa tanuuni, yakaloweshwa,
yakakorogwa na Famau mpaka yakawa laini kama samli,
yakashika zidaka za mji huu
karne na karne, kwa watu wasiojuana.
Nilicheka peke yangu, taa mkononi.
Sikumwambia mama: angemkorogea kikombe.

Ila Jumatatu niliongeza kitu cha nne mezani,
sufuria la chokaa, nililolichanganya mwenyewe, vibaya.
Famau akalitazama kwa dharau
ambayo sikuiona tangu Rajabu.
Akachukua mwiko, akageuza mara moja, mara mbili.
Uso ukakunjamana, midomo ikatafuta.

"Maji," akasema.
Nikakaa kimya, nisije nikakivunja kitu.
"Maji kidogo."

La pili lilikuja limelishika la kwanza.
Niliinuka kuteka.
Boriti bado haina jina.