Ukomo

Mchana napiga chapa viapo vya watu wengine,
chini ya mwavuli mwekundu uliopasuka ubavu,
mkabala na lango la mahakama ya Bungoma.
Shilingi hamsini ukurasa. *Mimi, fulani wa fulani, naapa.*
Miaka tisa nimeapa kwa vidole,
ulimi wangu haumo.

Usiku ni zamu yangu.
Saa mbili kasoro dakika tano nainamia simu
niliyoiegemeza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia.
Sikuku amelala, mguu mmoja nje ya neti.
Mhadhiri yuko Nairobi, au yuko mbinguni, sijui.
Anasema, mkataba hauwi mkataba mpaka
na mdomo unaganda, wazi,
kama wa kambare sokoni Chwele.
Mpaka nini, Bwana?
Mvua ya Mlima Elgon imeshuka, mnara umezidiwa,
nami nimeachiwa mkataba nusu.
Naandika pembeni: mpaka mtandao urudi.

Tuko themanini na watatu darasani,
vijisanduku vyeusi vyenye majina.
Yupo wa Lodwar ambaye jogoo wake huwika saa nne usiku.
Yupo askari jela wa Naivasha, yeye hunong'ona.
Siwajui kwa sura. Nikipishana nao njiani
nitawatambua kwa kikohozi.

Mtihani wa kwanza, sauti iliniamuru:
zungusha kamera, tuone chumba chote.
Nikazungusha. Wakaona
gunia la mahindi, jembe, sare ya shule ikidondoka maji,
kalenda ya kanisa ya mwaka juzi,
na mtoto kitandani.
Huyo ni nani?
Nikasema, huyo hajui sheria.
Wakaniruhusu.

Lakini jana.
Jana somo lilikuwa ukomo wa madai,
na mtandao haukukatika hata mara moja.
Mhadhiri alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari,
kwamba anayekalia ardhi ya mwenzake miaka kumi na miwili,
bila nguvu, bila kificho, bila ruhusa,
na mwenyewe akanyamaza,
basi mwenyewe hana tena pa kudai.

Niliweka kalamu chini.
Baba mdogo Sirengo alichimba mitaro ya miwa
katika shamba la mama
juma lile lile nililojifungua Sikuku.
Sikuku ana miaka kumi na mmoja na miezi minne.
Nikahesabu tena, kwa vidole, kama mtoto wa chekechea.
Nikamwamsha nikamuuliza: una miaka mingapi?
Akajibu akiwa usingizini, akageukia ukuta.

Hati ina jina la mama,
imekunjwa pamoja na cheti chake cha ubatizo.
Malori ya miwa yakipita yeye hufunga dirisha.
Vumbi, husema. Mwacheni, damu ni damu.
Nami nikidhani kunyamaza ni heshima.
Kumbe kunyamaza nako kunaandika,
polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Sijahitimu. Karo ya muhula sijamaliza,
mitihani sita bado, na ule wa mikataba nitaurudia
kwa sababu ya kambare yule.
Ila leo asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza,
nimeingiza karatasi kwenye taipureta.
*Mimi, Nabalayo binti Wasike, wa Chwele, naapa*
na chini nimeacha nafasi ya dole gumba.
Mama hajui. Jioni nitakwenda kumwambia,
na najua kwanza atatafuta dirisha la kufunga.

Mzee Wabwile amefika na kesi yake ya ng'ombe.
Nimemwomba asubiri kidogo.
Ameketi, ameutazama ukurasa, hasomi bila miwani.
Huyu wa leo, ameuliza,
mbona unampigia polepole hivyo?
Amekulipa ngapi?