Deni Hakufa

Shangazi Cibalonza hakuwapa nguruwe wake majina ya mapambo.
Aliwaita kwa kazi iliyowangoja:
Minervali, jike mwenye sikio lililochanika;
Mabati, aliyenenepa kabla ya mvua;
Sabuni na Chumvi, wanawe Mabati;
na Deni, dume mwembamba aliyechukuliwa kwa mkopo,
hajalipwa hata mkia.

Banda lilikuwa Kadutu, juu ya mtaro,
mbao nane na kipande cha turubai,
machicha ya bia asubuhi, matembele jioni,
na kilima cha udongo mwekundu kikiinama nyuma yake
kama mgeni asiyetaka kuketi.

Homa ilifika Jumanne.
Minervali akayasusa machicha.
Jumatano masikio yake yakawa rangi ya biringanya.
Ijumaa Mabati akalala, na paa la nyumba likalala naye.
Chumvi, Sabuni: siku moja, shimo moja,
chokaa juu yao.

Deni alitetemeka siku nne,
akakohoa,
akainuka, akadai chakula.
Mtaa ukacheka kicheko cha msiba:
"Cibalonza! Mali yako imekufa, deni lako li hai!"

Mimi ni mtu wa labo.
Nilikuwa na damu ya Minervali, niliyoichota kabla hajapoa,
nikaongeza na ya Deni, aliyenipiga teke.
Nikangoja umeme.
Siku mbili nikangoja umeme.
Kisha herufi zikaanza kushuka kwenye kioo,
nne tu, zikirudiwarudiwa
kama mtoto anayejaza daftari la adhabu,
laki na themanini elfu hivi:
kitabu kizima cha kirusi.

Nikaviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu.
Ukurasa kwa ukurasa, ndugu wa tumbo moja.
Hapa, namna ya kushona ganda.
Hapa, namna ya kufungua mlango wa seli.
Hapa, namna ya kujinakili hadi nyumba ipasuke.
Halafu, katika damu ya Deni, pengo.
Aya moja haipo:
aya ya mwizi akataye waya wa kengele kabla hajagusa sufuria.

Kile cha Minervali kiliijua kwa moyo.
Kiliingia kimya, askari wa mwili wakaendelea kukoroma
mpaka moto ulipofika kitandani.
Kile cha Deni kiliisahau.
Kengele ikalia.
Askari wakaamka bila viatu, lakini wakaamka.

Nilipomweleza, shangazi alikuwa akichagua maharage.
"Kwa hiyo si maombi yangu?"
"Ya maombi siyajui, shangazi. Ninachoona ni maneno yaliyopotea."
"Nani aliyafuta?"
"Hakuna. Kinajinakili kwa pupa. Mkono huteleza."
Akatupa kijiwe mtaroni, na kingine.
"Kumbe hata mauti hukosea imla."

Sehemu ngumu niliiweka mwisho, kama mwoga.
Kwamba Deni huenda bado anakibeba kitabu kile damuni.
Kwamba asiuzwe sokoni,
asiazimwe kwa majike wa Bagira,
asivuke hata mtaro.
Kwamba pengo lile si dawa, ni swali tu,
na chanjo hapa kwetu hatuna.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo analijua kila mtu.
Lakini kesho Bisimwa anakuja kudai:
fedha, au nguruwe wake.
Fedha haipo.
Nguruwe haruhusiwi kutoka.

Shangazi alisimama kwenye banda muda mrefu,
pua yenye maji ikimtafuta kiganjani.
Hakusema atafanya nini.
Alikwenda kwa jirani, akakopa kipande cha sabuni,
akapiga magoti, akaanza kuosha buti zangu
kabla sijaondoka,
unyayo, kisigino, kila mfereji wa mpira,
taratibu,
kama anayefuta maandishi asiyoweza kuyasoma.