Kisigino cha Kushoto

Mimi ndiye nichomaye visigino.
Katika wodi hii ya Madurai, zamu ya usiku,
kabla sijajua jina la mtoto nimeshaijua damu yake:
tone moja, jekundu kama punje ya komamanga,
nalilaza juu ya utepe, nahesabu hadi tano.

Wewe, binti wa Thenmozhi, huna jina bado.
Umekuja na kilo nne na robo,
mashavu yamekufunika macho,
na bibi yako, usiku wote huu, anagawa ladu koridoni
akiwaambia hata wafagiaji: "Mmeuona unono huo?"
Ladu nimeipokea. Nimeifunga kwenye karatasi.
Mikono yako inatetemeka
na chumba hiki hakina baridi.

Ishirini na tisa.

Sikiliza basi, nikusimulie wakati maziwa yanakamuliwa.
Mama yako aliunga nyuzi kiwandani,
amesimama, vumbi la pamba kwenye kope.
Siku ya kupimwa sukari iliangukia Jumatano,
na Jumatano ni ujira wa siku nzima.
Hakwenda. Wanaomlaumu hawajawahi kusimama pale.

Mwezi wa saba wakamvika bangili za kioo,
za kijani na nyekundu, karibu zifike kiwikoni,
ili uzisikie ukiwa gizani.
Wakamlisha wali wa ndimu, wali wa ukwaju, wa nazi, wa mtindi,
na ule wa sukari guru uliokuwa ukimeremeta kwa samli;
kila shangazi na kijiko chake,
kila kijiko na dua yake.
Bangili ulizisikia.
Lakini na vijiko vilikufikia.

Maana kondo ni bawabu wa ajabu:
sukari ikibisha, huifungulia bila swali;
insulini ya mama ikibisha, huambiwa irudi ilikotoka.
Ikakushukia sukari usiku na mchana,
wewe na kongosho lako
lisilozidi jani la mwarobaini.

Ungefanya nini? Hukuwa na namna ya kufumba mdomo.
Ukaviamsha vijichembe vyako, vikaongezeka, vikanenepa,
vikamwaga insulini kama watu wanaozima moto,
nayo ikaibeba sukari, ikaigeuza mafuta,
ikaiweka mabegani, tumboni, mashavuni.
Ndio huo unono anaousifia bibi.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wewe uliubeba wa mwenzio
kabla mifupa yako haijakomaa.

Halafu leo, saa nane na dakika kumi,
mkasi.
Kiungamwana kikakatwa, mto ukakauka papo hapo.
Nani angeliambia kongosho?
Fundi hajui kwamba vitambaa vimekwisha,
anashona tu, kichwa kimeinama,
sasa anakata shuka ulilolalia.
Ndiyo maana unatetemeka.

Haya, dang'a hii hapa. Njano, nzito, nusu kijiko.
Mama ameikamua kwa mkono wa kulia;
wa kushoto una dripu. Bangili zake nilizivua mimi,
zimo mfukoni mwangu pamoja na ladu.
Meza. Usiiteme.
Meza tena.

Nusu saa imepita. Kisigino cha kushoto sasa, cha kulia kipumzike.
Ninajua. Ninajua. Nisamehe.
Unalia vizuri zaidi, kilio chenye uti wa mgongo.
Tatu. Nne. Tano.

Arobaini na nane.
Si ya kushangilia. Ni ya kuvuta kiti na kukaa.

Naandika. Kisha nazitoa bangili nimrudishie mwenyewe,
zinagongana kidogo tu mkononi mwangu,
na wewe, uliyekuwa ukilia, unanyamaza,
unageuza shingo kuelekea mlio.

Lala. Saa kumi na moja nitarudi na sindano.