Mvumo

Mchana nasoma mita za maji, Nkuhungu hadi Chang'ombe,
naandika tarakimu, nabwekewa na mbwa.
Usiku ni wangu.
Nawasha taa ya meza, nachomeka pasi ya kulehemu,
nangoja ncha yake ishike moto,
na Sechelela ananiambia kutoka chumbani:
umeanza na maiti zako.

Maiti ya leo imetoka Kikuyu, ndani ya mfuko wa rambo.
Plastiki iliyokuwa nyeupe
sasa ina rangi ya meno ya mvuta kiko.
Mwenyewe ni Masinjisa, karani wa ghala la mvinyo.
"Iliwaka mara ya mwisho tisini na nane," akasema.
"Umeme ukakatika. Nilikuwa nimebakiza jumba moja."

Nafungua skrubu sita. Ya saba imeliwa na kutu;
naibembeleza kwa mafuta ya taa, naitukana kidogo, inakubali.
Ndani:
vumbi jekundu, lile la Agosti, lisilojua mlango uliofungwa,
ganda la karanga,
mende mkavu, miguu juu,
na shilingi tano ya mtoto fulani aliyedhani
mashine hii hulishwa sarafu.

Bodi nimeisugua kwa mswaki na spiriti.
Meno ya kaseti nimeyapitishia kifutio cha binti yangu.
Asubuhi atakitafuta. Nitakana.
Kapasita mbili zilivimba kama ndama walioshiba nyasi za mvua ya kwanza;
nikazing'oa, nikaweka nyingine
nilizochopoa kwenye redio ya shemeji, iliyokufa siku nyingi.
Kisanduku cha antena nikakitupa,
nikavuta nyaya mbili, wa njano kwa picha,
mweupe kwa sauti.
Moshi wa lehemu ukanikaa machoni.

Saa saba kasorobo, taa nyekundu.
Kile kijitu kikaibuka, kikakimbia, kikaruka,
kikatumbukia shimoni,
maana mikono yangu si ya kucheza,
ni ya kufungua.

Masinjisa alikuja Jumamosi. Akacheza dakika kumi.
Hakufurahi.
"Picha safi. Sauti safi. Mno.
Zamani ilikuwa inavuma.
Chini ya muziki wake kulikuwa na kitu, kama nyuki."

Nilitaka kumwambia: huo ulikuwa ugonjwa, ndugu yangu,
kapasita iliyochoka, umeme unaovuja;
wako watu wanaotoa fedha kuuondoa.
Nikamkumbuka baba mdogo Ndahani, kule Mvumi
(hata jina la kijiji linavuma),
akitengeneza ilimba,
akipanga vyuma, hiki cha gumba hili, kile cha gumba lile,
na kazi ikishakwisha, sauti imenyooka,
anatoboa tundu kwenye ubao,
analiziba kwa utando wa buibui.
Wa nini? niliuliza.
"Bila huu," alisema, "ni misumari tu inalia."
Akapiga chafya, utando ukachanika, akaanza upya.

Nikaitazama pedi mikononi mwa Masinjisa.
Magumba mawili, juu ya vitufe.

Basi nikaifungua tena. Sita, na ile ya saba, mkaidi.
Kapasita nzima ya sauti nikaitoa,
nikaenda kwenye kopo la maziwa ya unga ninapoweka wafu,
nikaichagua ile iliyovimba,
nikairudisha mahali pake,
kinyume cha kila nilichojifunza.

Hakucheza. Aliwasha, akakaa.
Kijitu kimesimama kinangoja kuamriwa,
na chini ya muziki, taratibu, mzinga mzima.
Sechelela akachungulia: "Hilo dude linaungua?"
"Limepona," nikasema.

Nilidai elfu kumi na tano. Akanipa kumi na mbili na kichane cha zabibu.
Mezani zimebaki tatu;
moja, ya Kondoa, haina hata kifuniko,
na umeme, ndiyo kwanza, umekatika.