Kastabini

Jumatatu ubao ulikuwa wa kufulia:
mashuka ya wenye nyumba za kilimani,
kola za mawakili, magadi na mvuke,
vifundo vya vidole vikichunika.
Jumamosi ubao uleule,
umeanikwa ukakauka, umeegemezwa kifuani,
na kila kidole kimevaa kastabini
isipokuwa gumba.
"Gumba ni mzee," alisema.
"Hachezi. Anashikilia tu."

Hivyo alinieleza Bi Verlene Royster,
chumba namba kumi na saba, zamu yangu ya usiku,
Durham, Karolina ya Kaskazini,
huku nikimkata kucha.

Walikuwa watatu.
Otha Pettiford wa gitaa,
mkono wa kulia una vidole vitatu,
viwili vilibaki kiwandani, ndani ya mashine ya sigara.
Watu wakimsifu kwamba anapiga kama mwenye vyote,
hujibu: "Vile viwili bado viko kazini,
ila havilipwi."

Na Junius Mangum wa kinanda cha mdomo,
shemasi mwenye tai nyeusi,
ambaye Jumapili asubuhi
hakumsalimu kabisa
Junius wa Jumamosi usiku.

Septemba, msimu wa mnada,
tumbaku imelala ghalani kwa marobota,
inanukia tamu, kama zabibu zilizosahaulika jikoni.
Dalali anataja bei mbiombio
mpaka maneno yanageuka nzige.
Hao watatu husimama mlangoni, si ndani:
ndani pesa ina hesabu,
mlangoni pesa ni mpya
na haijajua njia ya nyumbani.

Otha anatafuta besi kwa gumba,
anaitembeza kama mtu anayerudi kwake bila haraka.
Junius anavuta pumzi, garimoshi linapiga kona.
Kisha Verlene,
kwara kwara, ti, kwara,
na mkulima aliyepunjwa shilingi zake zote
anajikuta kisigino kimemsaliti.

Waliitwa Nyuyoki kurekodi.
Treni usiku kucha, kuku wa kukaanga kwenye boksi la viatu,
chumba kimetundikwa mablanketi,
nyimbo sita kabla ya chakula cha mchana.
Dola kumi na tano, dola kumi na tano,
na yeye saba.
Santuri ikatoka na karatasi ya buluu:
*Pettiford, Mangum na Mwenzao.*

"Mwenzao," alirudia, akanitazama.
"Jina zuri. Halichakai."

Mwaka jana jiji lilibandika kibao cha shaba
pale palipokuwa ghala,
sasa ni fleti, na kahawa yake ni ghali kuliko gitaa la Otha.
Meya alihutubia. Utepe ulikatwa.
Kibao kikasoma: *Bwana V. Royster.*
Alicheka mpaka mpira wa oksijeni ukamtoka puani
nikalazimika kumwita nesi.

Wanafunzi wa chuo huja na vinasa sauti.
Wanauliza huzuni. Huzuni, huzuni, huzuni.
Hakuna aliyeuliza kofia ya Otha,
iliyoliwa na mbuzi siku ya harusi yake.
"Huzuni ilikuwepo," aliniambia wakishaondoka,
"kama chumvi ilivyo.
Lakini nani anakaa mezani
akala chumvi tupu?"

Mimi ni wa Korogwe.
Mikono ya mama yangu ilichanwa na mkonge
na hakuna aliyeibandikia shaba.
Sikumwambia hilo.
Nilimwambia tu jina la kile kidude kwa kwetu.
Akalijaribu mdomoni,
kisha kwa kucha, kwenye chuma cha kitanda:
ka-sta-bi-ni,
ka-sta-bi-ni,
akaweka pumziko pale ambapo mimi
kwa miaka arobaini sijawahi kulisikia.

Ijumaa, baada ya mshahara,
nilipita duka la nyuzi na vitambaa.
Zilikuwepo sita tu.
Nikaziweka kwenye shuka, nikaomba radhi.

Akazivaa moja moja, akihema.
"Sita zinatosha," alisema.
"Zile mbili zilikuwa za madaha."