Chumba Kisicho na Namba

Taylan, kijana wa wakala, akageuza kioo cha kompyuta
nijionee: meli imepasuliwa, sitaha juu ya sitaha,
vijumba vimepangana kama sega la nyuki.
"Ukichagua wewe, bei ni hii.
Ukituachia sisi, unapunguziwa yuro mia na tisini.
Chumba chenye dirisha, hilo nakuhakikishia.
Namba utaijua siku tatu kabla ya safari,
au bandarini. Au mlangoni."

Nje, mvua ya Bremerhaven ilinyesha kwa ubavu.
Haijawahi kujua kunyesha wima.

Akaanza kunihesabia, mtoto wa watu, kwa uaminifu:
huenda kikawa chini ya ukumbi wa mazoezi,
wanakodondosha vyuma saa kumi na moja alfajiri;
huenda ubavuni mwa lifti; huenda mbele kabisa,
nanga ikishushwa utadhani meli inang'olewa jino.
"Mama Harmsen, usije ukasema
nimekuuzia mbuzi kwenye gunia."
Nikamwambia: mwanangu, funga gunia vizuri, nipe.

Eilert alikuwa mchaguzi.
Treni ya Hannover: behewa la kati, kiti cha dirishani,
na kamwe asiupe mwendo mgongo.
Mkahawani alizizunguka meza zote kabla ya kuvua koti.
Tuliponunua friji aliifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga,
akiusikiliza mpira wa mlango kama daktari.
Miaka arobaini na mmoja nililala upande wa ukutani
kwa kuwa yeye alichagua upande wa mlango,
eti mwizi akija, aanze naye.
Mwizi hakuja.

Na alipoanza kukohoa, kabla daktari hajasema neno,
alikwenda makaburini na mita yake ya chuma
akatuchagulia: safu ya kumi na nne,
ishirini na mbili yake, ishirini na tatu yangu,
karibu na msonobari, mbali na bomba la maji,
"maana zile kelele za ndoo, Wiebke, hutazipenda."
Akalipia yote mawili. Risiti ninayo,
bahasha moja na bima ya nyumba.

Kwa hiyo chumba changu cha mwisho nakijua namba.
Kila Jumapili nakipalilia.
Hiki cha usiku saba, kwenda Norwe na kurudi,
acha akichague mtu asiyenijua.

Antje akapiga simu: "Mama, kweli,
kwa yuro mia na tisini?"
Nikamwambia mchagua nazi hupata koroma,
nikamuuliza wajukuu wamekula nini.

Namba ilifika Jumanne. 4117.
Nikaitamka jikoni, kwa sauti,
kama jina la mtoto wa jirani aliyezaliwa jana.

Dirisha lipo, walivyoahidi.
Na dirisha lote limejaa mashua ya uokozi,
rangi ya chungwa, imening'inia hatua mbili kutoka kiooni.
Bahari iko chini yake, kwenye ufa,
upana wa kiganja.
Nilicheka mpaka nikakaa kitandani.
Eilert angekwenda mapokezi na mita.

Usiku wa kwanza nililala upande wa mlango.
Wa pili, katikati, miguu huku na huku.

Asubuhi napiga mswaki, naona viatu juu ya mashua,
kisha magoti, kisha baharia mzima na ndoo yake.
Kifuani ameandikwa Rodelio.
Anasugua rangi ya chungwa ing'ae zaidi ya ilivyo.
Akaniona, akashtuka, akanipungia brashi.
Nikampungia mswaki.

Ndoo yake ikagonga ubavu wa mashua, ngoo,
ikagonga tena:
kelele ile ile niliyolipiwa nisiisikie.
Nikafungua pazia lote.