Vumbi la Chaki

Machi, Karcag. Theluji ya mwisho inachuruzika mferejini
na mimi nimesimama katika duka la chakula cha mifugo
mbele ya magunia manne yenye jogoo yuleyule,
kifua mbele, kana kwamba ndiye aliyepanga bei.

"Nikusaidie, mwalimu?"
Ni Emőke. Niliwahi kumpa mbili kati ya tano
mwaka ule alipoandika kwamba kalsiamu ni vitamini.
Sasa ana aproni ya kijani, kalamu sikioni,
na funguo za duka zinalia kiunoni mwake.

Namwambia: vifaranga ishirini na wanne,
wa siku mbili, wamo bafuni
ndani ya boksi la mashine ya kufulia, chini ya taa nyekundu.
Simwambii ya mwaka jana.

Mwaka jana jirani yangu Dömötör aliegemea ua, akanena:
"Chakula ni chakula. Bibi yangu aliwapa mahindi tu."
Mimi, mwenye shahada ukutani, nikajiona nimemzidi akili,
nikanunua gunia la kuku wanaotaga.
Lilipungua forinti mia saba.
Wakubwa wanakula, nikasema, wadogo watashindwaje?
Hawakushindwa. Mtoto hula anachowekewa.
Wiki ya tano wakaanza kujikunyata, shingo zimezama,
wakinywa maji, wakinywa, wakinywa.
Saba.
Daktari alimpasua mmoja juu ya gazeti la jana
akanionyesha figo kwa ncha ya kisu:
zimevimba, nyeupe, kama zimepakwa vumbi la chaki.

Miaka thelathini na minane nimekung'uta vumbi hilo mikononi.
Nimeandika ubaoni alama yake, namba yake, ishirini,
nikapiga mstari chini, mara mbili.

Emőke anachutama, analaza gunia kifudifudi.
"Jogoo muache, mwalimu. Soma huku mgongoni."
Protini, ishirini na moja kwa mia. Ya misuli na manyoya.
Kalsiamu, moja tu.
"Ukiona nne, hiyo ni ya mama anayejenga ganda.
Huyu hajengi ganda. Deni litalipwa na figo."

Nafungua mdomo. Naufunga.

"Wamechanjwa ya kuhara damu?"
Napekua mkoba: miwani, risiti, peremende. Sijui.
"Basi piga simu ulikowanunua. Kama wamechanjwa,
usibebe hili lenye dawa. Dawa itaimeza chanjo,
utakuwa umelipia viwili na huna hata kimoja."
Napiga simu palepale, sauti yangu ndogo
kama ya mwanafunzi aliyesahau daftari.
Wamechanjwa.

Lisilo na dawa, basi. Lililovunjwa chembechembe,
si unga, maana unga huwagandia midomoni.
Forinti elfu nane na mia mbili.
Anabeba mwenyewe hadi kwenye baiskeli, anafunga kamba,
anaijaribu kwa kidole, anaifunga upya.

"Umelipa ngapi?" Dömötör, uani.
Namtajia. Anacheka hadi kofia inamdondoka.
Mwache acheke.

Bafuni nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.
Midomo ishirini na minne juu ya sahani ya bati:
tik, tik, tik, darasa zima likiandika mtihani
na hakuna anayemwangalizia mwenzake.
Nachukua kalamu, naandika ubavuni mwa gunia:
HADI WIKI YA NANE.
Chini yake mkono unapiga mstari.
Kisha wa pili.